Kutu kwanza, umeme baadaye: Kibarua cha kuligeuza gari kuukuu la spoti litumie betri

KABLA ya kununua mota ya umeme, na hata kabla ya kuulizia bei ya betri, fundi anayetaka kuligeuza gari kuukuu la spoti nyumbani kwake yampasa kulala chali chini ya gari hilo akiwa na tochi na bisibisi, aidungedunge chasisi kila pembe. Bisibisi ikizama ndani ya bati kama kisu ndani ya papai bivu, habari ya umeme itangoja.

Wengi wanaoanza kazi hii huwa na shauku ya volti na kilowati. Huliona gari lao akilini likiondoka kimya, pasi na moshi wala harufu ya petroli. Lakini jasho jingi la kazi yenyewe hutoka katika kukata na kuchomelea mabati, na kosa linaloweza kumgharimu dereva maisha yake hujificha huko huko, mbali na nyaya.

Hakuna gari linalolidhihirisha jambo hili vyema kama Porsche 914, gari dogo la viti viwili lililozinduliwa nchini Ujerumani mwaka 1969 na kuundwa hadi mwaka 1976. Lilikuwa zao la ubia baina ya kampuni za Volkswagen na Porsche, na yaliyo mengi yaliundwa katika kiwanda cha Karmann mjini Osnabrück. Jumla yake ilikaribia 119,000, na sehemu kubwa ilivuka bahari hadi Marekani.

Barani Ulaya gari hilo liliuzwa kwa jina la VW-Porsche, jambo lililowapa wenye dharau kisingizio cha kulikejeli. Wajerumani walilibandika jina la Volksporsche, yaani Porsche ya raia. Waliojiona wateule wa Porsche hawakutaka kusikia habari za injini ya Volkswagen, na kwa miaka mingi bei ya 914 sokoni ikawa ya chini mno ikilinganishwa na ile ya ndugu yake mashuhuri, 911. Dharau hiyo ndiyo iliyolifikisha mikononi mwa mafundi wa nyumbani nchini Marekani, hasa katika jimbo la California. Katika miaka ya 1990 na 2000 iliwezekana kununua huko vifaa vyote vya kuligeuza kwa mpigo mmoja, kuanzia mota hadi masanduku ya betri.

Mbali na bei, umbo la gari lenyewe ni kana kwamba lilibuniwa kwa kazi hiyo. Injini imewekwa katikati, nyuma ya viti na mbele ya ekseli ya nyuma. Kuna buti mbele na buti jingine nyuma. Kwa hivyo injini na tangi la petroli vikishaondolewa, fundi hubaki na sehemu tatu za kugawanyia betri bila kunyang'anya nafasi ya abiria.

Kisha kuna suala la breki. Magari mengi ya petroli hutumia mfyonzo wa hewa kutoka kwa injini ili kuupunguzia mguu wa dereva kazi. Injini ikiondoka, msaada huo nao huondoka, na fundi hulazimika kufunga pampu ya umeme mahali pake. 914 halikuwa na msaada huo tangu lilipotoka kiwandani. Diski zake nne hubanwa kwa nguvu za mguu pekee, na usukani wake huzungushwa kwa nguvu za mikono. Injini hupozwa kwa hewa, hivyo hakuna rejeta wala mabomba ya maji ya kung'oa.

Betri iliyolila gari

Ajabu ni kwamba adui mkuu wa gari hili, katika maisha yake ya petroli, alikuwa betri. Hapa hazizungumziwi betri za kuliendesha, bali ile moja ndogo ya volti 12 ya kuwashia injini na taa. Wabunifu wake waliiweka upande wa kulia wa chumba cha injini, juu ya kibao cha bati. Kifuniko cha chumba hicho kina wavu wa kupitisha hewa, na mvua inaponyesha maji hupenya na kuidondokea betri. Maji hayo huchukua asidi na kutiririka nayo hadi kwenye kikalio kinachoushikilia mkono wa gurudumu la nyuma la kulia. Kutoka hapo huingia katika boriti ndefu ya bati inayopita chini ya mlango.

Wamiliki wa Marekani hupaita mahali hapo shimo la jehanamu, na aliyewahi kung'oa betri na kutazama chini yake hatauliza sababu.

Uzito wa jambo hili huonekana mtu akikumbuka kwamba gari hilo halina paa la kudumu. Kipande cha juu huondolewa na kuhifadhiwa katika buti la nyuma. Katika gari la kawaida, paa husaidia kuuzuia mwili usipinde; katika 914 mzigo huo umeziangukia hasa boriti mbili za chini ya milango. Nazo si vyuma vitupu. Ni mabati yaliyokunjwa yakawa kama sanduku refu, na ndani yake hupita mfereji wa hewa moto ya kuwapasha joto walio ndani wakati wa baridi. Unyevu hupenda kujificha humo. Boriti yaweza kupakwa rangi ikang'aa kwa nje ilhali kwa ndani limebaki ganda tu.

Ndiyo maana mnunuzi mjanja hashughulikii rangi kwanza. Hufunga mlango na kuukagua mwanya ulio kati ya ukingo wake wa nyuma na mwili wa gari. Mwanya ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari limeanza kuinama katikati. Kisha huliinua kwa jeki upande mmoja na kuujaribu mlango tena. Mlango uliokuwa ukifunguka vizuri ukianza kukwama, hakuna haja ya ushahidi zaidi.

Tiba ipo, ila haina njia ya mkato. Asidi huoshwa kwanza kwa maji yaliyotiwa soda ya kuokea ili kuiua makali. Bati lililooza hukatwa hadi pale linapoanza bati safi, hata ikiwa kufanya hivyo ni kukata mara tatu ya ilivyodhaniwa. Kubandika kiraka juu ya kutu ni kujidanganya, kwani kutu huendelea kula chini yake.

Kabla ya kukata chochote, fundi huchomelea au hufunga kwa bolti fito za chuma kutoka upande mmoja wa nafasi ya mlango hadi wa pili. Asipofanya hivyo, gari litajikunja pindi boriti itakapofunguliwa, na akilichomelea katika hali hiyo litabaki limepinda daima. Uchomeleaji wenyewe hufanywa kwa vipande vifupi, hapa kidogo na pale kidogo, kwa sababu joto jingi mahali pamoja huvuta bati na kulinyonga. Kile kikalio cha mkono wa gurudumu nacho hupimwa mara kadhaa kabla ya kuchomelewa. Kosa la milimita chache hapo hulifanya gari litembee kiupande kama kaa, na hakuna mota itakayolinyoosha.

Kazi hii humeza miezi. Aghalabu mradi huanza kunuka hapo: gari limefunguliwa, fedha za betri zimeingia katika mabati, na majirani wanauliza maswali.

Kilo zinazoongezwa na zinazoondolewa

Kwa nini kung'ang'ania nguvu za bati katika gari linaloondolewa injini? Jibu limo katika mizani. 914 likiwa katika hali yake ya kiwandani lina uzito wa kilo 900 na ushei. Ukiondoa injini, eksozi na tangi lililojaa petroli, umepunguza takriban kilo 200. Mota ya kipenyo cha inchi nane iliyotumiwa sana katika kazi hizi hurejesha karibu kilo 50. Hadi hapo mizani inamfurahisha fundi.

Furaha hukoma betri zinapoingia. Mpango uliozoeleka katika miaka ya betri za risasi ulikuwa kufunga betri 20 za volti sita, za aina inayotumika katika vigari vya uwanja wa gofu, zikaunganishwa kwa mfuatano zitoe volti 120. Kila moja ina uzito wa kilo 28 hivi. Hiyo ni jumla ya kilo 560, bila kuhesabu masanduku na nyaya. Gari lililoundwa kuwabeba watu wawili na mizigo yao sasa linatembea na mzigo wa watu wazima wanane kabla ya dereva kuingia, na mzigo huo haushuki kamwe.

Springi za nyuma hubadilishwa ziwe ngumu zaidi, pamoja na zile nondo za mbele zinazojisokota badala ya springi. Boriti zenye kutu, ambazo pengine zingevumilia miaka mingine mitano ya petroli, haziwezi kuachwa chini ya mzigo huo. Vilevile mota za kale za umeme wa betri, tofauti na zile za magari mapya, kwa kawaida hazirejeshi nguvu kwenye betri gari linapopunguza mwendo. Kazi yote ya kusimamisha uzito huo mpya hubaki kwa breki.

Linalosahaulika zaidi ni ajali. Gari likigonga ukuta na kusimama ghafla kwa nguvu inayofikia mara 20 ya uzito wa vitu, betri ya kilo 28 husukuma kama mzigo wa kilo 560. Masanduku yaliyoshikizwa kwa mikanda ya mpira, na yamewahi kuonekana, hugeuka makombora. Sanduku la betri yafaa lifungwe kwa vyuma vilivyoshikamana na chasisi yenyewe, si na bati la sakafu, na lile la nyuma ya viti litazamwe kwa jicho kali kuliko yote.

Malipo ya mzigo wote huo ni mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa chaji moja. Kwenye karatasi betri hizo 20 hubeba kilowati-saa 27, lakini betri ya risasi ina tabia ya ubahili: ukiifyonza haraka, hutoa pungufu ya ile hesabu iliyoandikwa juu yake. Katika mwendo wa barabarani hutoa kama nusu tu na ziada kidogo, na hata hiyo haipaswi kukaushwa yote, la sivyo betri hufa mapema.

Umeme usiosamehe

Kuiweka mota mahali pa injini ni kazi ya kereza zaidi ya umeme. Sahani nene ya alumini hutobolewa ili upande mmoja ushike mota na wa pili ushike giaboksi ya zamani. Shafti ya mota na ile ya giaboksi lazima ziwe katika mstari mmoja barabara. Zikipishana kidogo tu, beringi hulia na baadaye huvunjika. Wapo wanaobakisha klachi na wapo wanaoitoa. Kwa kuwa mota hutoa nguvu zake nyingi tangu inapoanza kuzunguka, gari huweza kuondoka kwa gia ya pili bila kusitasita.

Kuna hatari moja ambayo aliyezoea petroli hana budi kuisoma upya. Mota ya aina hii ya zamani, isipokuwa na mzigo, huzidisha kasi bila kikomo hadi inapojirarua vipande. Dereva akikanyaga klachi huku mguu mwingine ungali kwenye pedali ya mwendo, aweza kuiharibu kwa sekunde chache. Hata wakati wa kuijaribu juu ya meza hutumiwa betri moja tu ya volti 12, na mota hufungwa imara kwani huruka inapoanza.

Aidha, kidhibiti, yaani kile chombo kinachopima umeme unaokwenda kwenye mota kulingana na pedali, kinaweza kuharibika kikiwa wazi. Kikifanya hivyo, umeme wote huingia kwenye mota hata dereva akiondoa mguu. Ndiyo sababu gari la namna hii huwekewa swichi ya kukata umeme ambayo dereva anaweza kuifikia akiwa kitini. Anayeiona kama pambo na kuiacha hajui anachocheza nacho.

Umeme wa betri husonga upande mmoja tu. Umeme wa nyumbani hubadili mwelekeo, na kila unapobadili huwa kuna nukta ambapo hakuna nguvu, hivyo cheche zake huzimika kwa urahisi. Cheche za betri hazina nafasi hiyo ya kupumua. Waya ukikatwa huku umeme ukipita, moto huruka hewani na kuendelea kuwaka. Fyuzi na swichi za kawaida za nyumbani hazifai hapa. Hutakiwa zile zilizotengenezwa kwa umeme wa betri wenye volti hizo au zaidi.

Katika gari la kawaida bati la mwili hutumiwa kama waya wa pili wa betri. Kwa mfumo wa volti 120 huo ni mwiko. Nyaya zake zote mbili hutengwa kabisa na bati, ili mtu akigusa ncha moja kwa bahati mbaya asipigwe. Fundi huvua pete na saa, hufunika mipini ya spana kwa utepe wa mpira, na hufunika ncha za betri asizozifanyia kazi. Spana moja ikiangukia ncha mbili huyeyuka. Betri za risasi zinapochajiwa hutoa pia gesi ya haidrojeni, ambayo ikikusanyika ndani ya sanduku hungoja cheche moja. Kipepeo cha kuitoa nje hakikwepeki.

Lithiamu na soko la mitumba

Hesabu ya uzito ilibadilika betri za lithiamu zilipopatikana. Katika miaka ya 2000 wanafunzi wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani waliligeuza Porsche 914 la mwaka 1976 kwa betri za lithiamu zenye chuma na fosfati, aina isiyo nyepesi kushika moto. Kisha mwaka 2010 Nissan ikazindua Leaf, na ajali za barabarani zikaanza kuleta sokoni betri ambazo hakuna fundi wa nyumbani angeweza kuziunda.

Betri ya Leaf la kwanza ina visanduku 48, kila kimoja kikiwa na uzito wa kilo 3.8, na kwa pamoja hubeba kilowati-saa 24. Visanduku hivyo vyenyewe havifiki kilo 190. Ni theluthi ya uzito wa zile betri 20 za risasi, na mwendo huongezeka hadi zaidi ya kilomita 100. Lakini vikiunganishwa jinsi kiwanda kilivyofanya hutoa kama volti 360, kiwango kinachoua bila kuonya. Seli za lithiamu pia hazivumilii kujazwa kupita kiasi, na huhitaji mtambo wa kuchunga kila seli. Anayeuacha mtambo huo ili kuokoa fedha analaza kiberiti katika gereji yake.

Hapa Kenya msomaji hatakutana na 914 kwa urahisi, na kanuni inayozuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka minane haisaidii. Hata hivyo, Leaf zilizotumika Japani zimekuwa zikiingia nchini. Kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na kubadili jina kuwa ROAM mwaka 2022, iliyageuza magari ya watalii aina ya Land Cruiser na Land Rover yatumie umeme. Umeme wetu wa volti 240 ni neema pia: tundu la kawaida la ampea 13 huweza kujaza betri ya kilowati-saa 24 kwa takriban saa nane, ilhali tundu la kawaida la Marekani, la volti 120, huchukua karibu mara mbili.

Gari linalopatikana kwa urahisi zaidi hapa, na lililo jamaa wa karibu wa 914, ni Volkswagen Beetle, lile la umbo la kobe. Nalo hupozwa kwa hewa, giaboksi yake hushikana na injini kwa namna inayofanana, na lina ugonjwa ule ule. Betri yake ilikaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na sakafu iliyo chini yake huoza kwanza. Anayeishi Mombasa au Lamu aongeze hapo chumvi ya upepo wa bahari.

Lipo pia swali la heshima. Bei za 914 zimepanda tangu siku za dharau, na kuna wanaokasirika kuona moja likinyang'anywa injini. Wana hoja, hasa kwa yale yenye silinda sita, ambayo yaliundwa takriban 3,300 pekee. Hayo yafaa yaachwe. Lakini gari lililofika likiwa na injini iliyokufa na bati lililotobolewa na asidi halina asili kubwa ya kulindwa.

Likishakamilika, gari hupelekwa kwenye mizani, ekseli ya mbele na ya nyuma zikipimwa kando kando, na kilo hizo hulinganishwa na kile springi na tairi zinachoweza kubeba. Breki hujaribiwa mahali pasipo na watu. Waya wa umeme mkubwa hupimwa tena kuhakikisha haugusi bati, kwa kuwa nyaya hujisugua gari linapotikisika.

Na hata hapo gari bado litahitaji betri ndogo ya volti 12 kwa ajili ya taa, honi na vifutio vya kioo. Kile kibao cha kale upande wa kulia wa chumba cha injini kina ukubwa ule ule hasa unaotakikana. Fundi aliyeshinda miezi akichomelea chini yake hufunga betri hiyo ndani ya sanduku la plastiki katika buti la mbele, kisha hukata kibao hicho na kukitupa.